Kitambaa cha Profesa

Kwanza nikieleze kitambaa chenyewe, maana wapo watakaosema hakikuwahi kuwepo.

Kilikuwa cheupe, chepesi, kimefumwa wazi kama chandarua, ukubwa wake kiganja cha mtu mzima. Kimetengenezwa kwa nyuzi za mimea zilizopitishwa kwenye dawa. Shashi ya hospitali ukiiweka juu ya nyama inayovuja hunywa damu, ikawa nyekundu, basi. Hiki kilikuwa kikigeuka cheusi. Kinavimba, kinateleza kama mlenda, kinashika pale pale, na damu inaganda nyuma yake. Unakiacha humo humo mwilini, unashona, na baada ya wiki chache mwili umeshakila chote. Kwa kidonda cha mkononi ni anasa. Moyo ni jambo jengine. Moyo huwezi kuufunga bendeji, huwezi kuukamata ukaukaza, maana ukiukaza umemuua mwenyewe. Kwa moyo unaovuja, kitambaa kile ndicho kilichokuwa kikimrudisha mtu kwa mama yake.

Aliyevileta ni Profesa, mzungu mrefu aliyepinda mgongo kwa miaka thelathini ya kuinamia vifua vya watu. Alikuja na wenzake sita mwezi wa Septemba mwaka 1995, akapasua wagonjwa wanane kwa wiki mbili. Siku ya kuondoka aliacha makasha manne katika stoo ya chumba cha upasuaji, kila kasha pakiti kumi, akamkabidhi Bi Rawiya, sista mkuu wa chumba kile, akamtilisha sahihi.

"Hivi vya mwakani," alimwambia. "Vya moyo tu. Usimpe mtu."

"Hapewi mtu," Bi Rawiya akajibu, na wakati ule alikusudia hivyo.

Yusra alikuwa wa tisa. Orodha ilikuwa na majina tisa na siku zikaisha kwenye la nane. Alikuwa msichana wa Jambiani, miaka kumi na minane, mtoto wa pekee wa Mwatima, mkulima wa mwani. Homa ya viungo ilimshika akiwa darasa la pili, ikapoa magotini ikahamia moyoni, ikakigandisha kilango kimoja cha ndani mpaka kikabaki tundu dogo. Damu ikirudi kutoka mapafuni inakuta mlango umeegeshwa. Akitoka nyumbani kwenda kisimani anakaa chini mara mbili. Alikuwa halali ila ameketi, mito mitatu mgongoni. Kilichokuwa kizima kwake ni ulimi.

"Wewe wa kwanza mwakani," Profesa alimwambia, Bi Rawiya akifasiri. "Nakuahidi. Mwaka mmoja unaweza kusubiri. Miwili, hapana."

"Mwambie asichelewe," Yusra akasema. "Mwambie mie sina safari. Nitakuwa hapa hapa kitandani nnamsubiri kama biharusi."

Mwatima akamfinya paja. Profesa alipofasiriwa alicheka mpaka miwani ikamshuka.

Sasa, ufunguo wa stoo haukuwa wa Bi Rawiya. Ulikuwa wa Bwana Borafya, katibu wa hospitali. Bwana huyu hajui kufunga hata donda la kidole, lakini bila ya sahihi yake hutoki na kipande cha sabuni. Watu wa aina yake tunawajua. Wametuzaa, wametuzika, na katikati wametusimamisha foleni.

Disemba skuli zikifungwa, mji huu hutahiri. Anayetafutwa siku hizo ni Msabah, mhudumu wa chumba cha upasuaji, mkono wake mwepesi, nusu ya vijana wa Mji Mkongwe na Ng'ambo wamepita mbele yake. Mwaka ule ilikuwa zamu ya mjukuu wa Bwana Borafya. Msabah aliitwa ofisini, na kwa kuwa alishakiona kitambaa kikifanya kazi Septemba, mdomo ukamtangulia.

"Yakhe, hicho kitambaa kinafaa na huko chini?" Bwana Borafya akauliza.

"Huko chini kinafaa zaidi, mkubwa. Moyo unapigapiga, unakisumbua. Kule pametulia."

Wakacheka. Ufunguo ukatoka.

Mtoto akatahiriwa nyumbani kwao Mbweni, mbele ya wajomba. Wembe ukapita, kitambaa kikakaa, kikageuka cheusi, na tone halikudondoka. Bibi yake mtoto alikitwaa kile kikoi cheupe alichovaa mjukuu, akaingia nacho sebuleni, akakipitisha kwa wanawake mmoja mmoja wakitazame. Cheupe! Vigelegele vikapigwa mpaka barabarani. Na hapo ndipo ilipozaliwa ada ambayo mababu zetu hawakuwa nayo: kukitembeza kikoi.

Katika wiki moja mji mzima ulikuwa unazungumza. Mkutane harusini, mkutane sokoni Darajani, maneno ni hayo hayo.

"Wako katahiriwa kwa kitambaa?"

"Kwa kitambaa, shoga. Kikoi hiki hapa, nshakifua lakini hakikuwa na haja ya kufuliwa."

"Wangu mie kwa shashi tu. Baba yake hana watu."

Hana watu! Ndiyo hukumu ya mji wetu. Basi wenye watu wakaja. Akaja wa forodhani, akaja wa bandarini, akaja wa kilabu cha mpira, akaja mwenye duka la vitambaa vya suti. Kila mmoja na mwanawe, kila mmoja na salamu zake kwa Katibu. Kitambaa kimoja kingeweza kukatwa kikatosha watoto sita, lakini nani akubali kipande? Kila mtoto pakiti yake, ifunguliwe mbele ya wageni, ilie ile karatasi inapochanwa.

Kilichobaki ni kumziba mdomo sista. Alasiri moja Msabah alifika nyumbani kwa Bi Rawiya kumtahiri mwanawe Hamed, kwa miadi ya siku nyingi. Akatoa wembe, akatoa pakiti.

"Umeitoa wapi hiyo?" Bi Rawiya akauliza.

"Hidaya ya Katibu. Kasema na mwanao mtoto wetu."

Hamed, miaka sita, alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, meno yanagongana. Bi Rawiya alimtazama mwanawe, akaitazama pakiti. Angesema nini? Angesema, rudisha. Neno moja. Badala yake alisema, "Haya, fanya upesi."

Januari aliingia stoo kuhesabu dawa za usingizi, akafungua makasha ya Profesa. Zilibaki pakiti tisa. Akaenda ofisini kwa Katibu.

"Vile ni vya moyo, Bwana Borafya. Nna sahihi yangu pale."

"Vya moyo, vya moyo. Moyo wa nani? Profesa yuko kwao, anakula theluji. Vitakaa mpaka muda wake uishe tuvichome moto, ndivyo utakavyo?"

"Yuko yule mtoto wa Jambiani."

"Bi Rawiya." Akavua miwani. "Na kile cha Hamed tukirudishe vipi? Tukambandue?"

Msabah alikuwa mlangoni. Alicheka, na alipoona sista hacheki hakunyamaza, akacheka zaidi.

Ikafika Julai. Profesa akaleta faksi: nakuja tarehe kumi Agosti, mizigo ya ndege imekuwa shida, je, vile vitambaa arubaini vipo salama? Kama havipo nijulishe nije na vyengine. Swali jepesi kabisa. Mtu mwenye haya angejibu kwa neno moja, havipo, na Yusra angekuwa hai. Bwana Borafya alijibu, kwa Kizungu chake cha kujivunia, kwamba vyote arubaini vipo na viko mahali pakavu.

Vilikuwepo viwili.

Msabah akafanya kazi ya kujaza. Alikata shashi ya kawaida kwa ukubwa ule ule, akaifunga katika karatasi za kuchemshia vyombo, akaipanga makashani, juu akaweka zile pakiti mbili za kweli. Kasha likifunguliwa na mtu mwenye haraka, limejaa.

Bi Rawiya alikuwa na siku nne baina ya kufika Profesa na siku ya upasuaji. Siku nne alimpa chai, akamfasiria, akatembea naye wodini. Katibu alishamwambia: ukisema, sahihi ni yako, na mwanao ni mmoja wa waliotumia. Hiyo ni sababu moja. Alikuwa nayo na ya pili, na hii ndiyo aliyokuwa akijiambia: nikisema, Profesa atafuta kila kitu, na Yusra hatapata mwaka mwengine. Labda viwili vitatosha. Waoga wote nnaowajua wana sababu mbili, ile ya kweli na ile nzuri.

Jumatano asubuhi Yusra aliingizwa wa kwanza, kama alivyoahidiwa. Alikuwa amekonda, midomo ya buluu. Bi Rawiya alimfunga kofia ya kitambaa kichwani.

"Bi Rawiya, nikitoka humu nitaweza kukimbia?"

"Ukimbilie wapi?"

"Popote. Nshachoka kukimbiliwa."

Nitasema kilichotokea ndani kwa lugha nyepesi, kila mtu aelewe. Profesa alifungua ubavu wa kushoto, akaingia baina ya mbavu, akaufikia moyo. Juu ya moyo kuna kijifuko chenye umbo la sikio. Hapo alitoboa, akazungushia uzi, akaingiza kidole cha shahada, moyo ukiendelea kupiga, mpaka kwenye kile kilango kilichoziba, akakisukuma. Kikaachia. Mtaalamu wa usingizi aliyekuwa kichwani kwa mgonjwa alipaza sauti kwa furaha, maana mapafu yalianza kupumua vyengine papo hapo. Kwa dakika mbili, tatu, Yusra binti Mwatima alikuwa amepona. Nataka hilo lishikwe. Ugonjwa wa miaka kumi ulikuwa umekwisha.

Profesa akatoa kidole, akakaza uzi. Ukuta wa lile sikio, uliokwisha kwa kuvimba miaka yote ile, ukachanika chini ya uzi kama karatasi iliyorowa. Akashona. Kila tundu la sindano likavuja. Hilo halikumshtua, alishaliona mara mia.

"Kitambaa."

Bi Rawiya akampa cha kwanza. Kikalala, kikageuka cheusi, upande wa mbele ukakauka.

"Kitambaa."

Akampa cha pili. Cheusi. Pembeni pakakauka. Nyuma, pale jicho lisipofika vizuri, damu ilikuwa bado inapanda na kila pigo.

"Kitambaa."

Bi Rawiya akainua koleo, na kwenye koleo ilikuwa shashi. Profesa akaitandika, akaishikilia kwa kidole, akahesabu pole pole kwa lugha yake. Akainua kidole. Ilikuwa nyekundu. Nyekundu tu, inatota.

"Mbona hakigeuki?"

Bi Rawiya akarudisha koleo mezani.

"Nipe chengine."

Chengine kikawa chekundu. Profesa akageuka akamtazama sista juu ya barakoa. "Fungueni kasha jipya." Msabah akafungua kasha jipya. Akafungua la tatu. Alikuwa anachana karatasi moja baada ya nyengine na kumwaga shashi juu ya meza safi, huku anajua, mikono yake inajua, na bado anachana, kama kwamba labda moja itageuka kuwa ya kweli kwa rehema za Mungu.

"Hii shashi," Profesa akasema kwa sauti ndogo. "Hii yote shashi."

Akarudia dawa ya wazee wake. Alikata kipande cha msuli wa ubavuni kwa Yusra mwenyewe, akakiponda kwa mpini wa koleo mpaka kikawa bapa, akakibandika pale nyuma, akakigandamiza kwa kidole dakika arubaini bila ya kubadilisha mkono. Jasho lilimtiririka, mwenziwe akawa anamfuta. Nje, mjomba wake Yusra, Ame, alikuwa ameshatoa chupa ya damu na anaomba atolewe ya pili. Dar es Salaam ilipigiwa simu, hakuna aliyekuwa na kitambaa kile. Mwisho msuli ukashika, au ulionekana umeshika. Wakafunga kifua, wakaacha mpira mmoja unatoka ubavuni kwenda kwenye chupa chini ya kitanda.

Asubuhi ya Alkhamisi Yusra alifungua macho. Alivuta pumzi, akavuta tena, akastaajabu.

"Mama. Nnapumua."

"Pumua, mwanangu."

Na chupa ilikuwa inajaa. Hakuna aliyemweleza Mwatima chupa ile ya nini na inatakiwa ijae kiasi gani. Yeye aliona damu nzito inatoka kwa mtu aliyekuwa mgonjwa tangu utotoni, akafahamu kama watu wote wanavyofahamu, kwamba uchafu unatoka. Alikaa sakafuni kando ya chupa, anaitazama inapanda, anaisemeza.

"Itoke. Itoke yote mbovu. Itoke ibaki njema."

Bi Rawiya alipita mara mbili akamsikia. Mara ya tatu alikimbia kumwita Profesa. Walipomsukuma Yusra kumrudisha chumba cha upasuaji, akafa ukumbini, kwenye kitanda cha magurudumu, haijatimu saa tano. Mwatima alikuwa nyuma ameibeba ile chupa kwa mikono miwili isipinduke.

Kisha likaja hili ambalo mimi, kwa upande wangu, naliona baya kuliko kifo.

Profesa aliomba mama aitwe ofisini kwa Katibu. Alitaka kumwambia mwenyewe. Bi Rawiya ndiye aliyekuwa mfasiri siku zote, lakini siku ile Bwana Borafya alisema, "Sista kachoka, nitafasiri mimi." Bi Rawiya akasimama ukutani. Mwatima akaketi kwenye ncha ya kiti, mtandio umeroa.

"Shikamoo," alimwambia Katibu.

"Marahaba, mama. Pole sana."

Profesa alisema hivi, na Bi Rawiya alisikia kila neno: "Mwambie mama huyu mtoto wake hakufa kwa ugonjwa. Ugonjwa tuliuondoa. Amekufa kwa damu ambayo ingezuilika, kwa sababu vifaa nilivyoviacha hapa vimechukuliwa. Mwambie naomba radhi. Mwambie sitanyamaza."

Bwana Borafya akaitika kwa kichwa, akamgeukia Mwatima, sauti laini kama ya imamu.

"Mama, Profesa anasema damu ya mtoto ilikuwa nyepesi. Ilikataa kuganda. Anauliza, alikunywa kitu gani kabla hajaingia? Maana tulisema asipewe kitu."

Mwatima aliganda. Mtandio akautia mdomoni.

"Kombe," alisema. "Nilimpa kombe alfajiri. Vijiko vitatu tu. Mwalimu wa chuo aliniandikia aya kwenye sahani kwa zafarani, nikaikosha kwa marashi... Bwana, ni aya za Mungu. Vijiko vitatu."

Bwana Borafya akamgeukia Profesa. "Anashukuru kwa juhudi zenu. Anasema ni kudra ya Mungu."

Profesa, mzee yule, machozi yakamtoka, akatikisa kichwa. Akatikisa tena na tena. Na Mwatima akakiona kichwa kile kinatikisika, akafahamu alichofahamu. Akateleza kutoka kitini, akapiga magoti mbele ya mzungu, anasema nisamehe, nisamehe, na mzungu anamwinua kwa kwapa, anamwambia nisamehe kwa lugha yake. Wote wawili wanalia, na baina yao mtu mmoja aliyevaa suti ya Kaunda, anafasiri.

Bi Rawiya alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Hakusogea.

Profesa hakupata alichokitaka. Aliwekewa mezani karatasi inayosema vitambaa vilioza kwa joto la stoo vikateketezwa kwa mujibu wa taratibu, chini yake sahihi ya Rawiya, wino haujakauka sawasawa. Akapakia vyombo vyake. Wagonjwa kumi na mmoja waliokuwa wodini wanasubiri zamu wakavuliwa nguo za hospitali wakaambiwa nendeni makwenu. Hakurudi tena. Bwana Borafya alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Siku za mwizi arubaini, tunawafundisha watoto. Tuwafundishe na hesabu basi, maana mimi nshahesabu miaka.

Mwezi ukapita, ukaingia wa pili. Maneno yakaja mjini na wauza pweza: yule mama wa Jambiani aliyemuua mwanawe kwa kombe anafunga kafara. Sheria anaijua kila mtu aliyesoma chuoni: aliyeua mtu kwa makosa, na hana mtumwa wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo. Mwalimu aliyeandika kombe alimwendea akamwambia, Mwatima, maji ya aya hayaui. Akamjibu, mzungu alitikisa kichwa mbele yangu, wewe hukuwepo.

Bi Rawiya akashindwa kula. Siku moja ya Oktoba, maji ya bamvua yamekupwa, alipanda gari akaenda. Alimkuta Mwatima mbali ndani, maji kwenye vifundo vya miguu, ameinama kwenye kamba zake anafunga mwani, jua la adhuhuri mgongoni. Midomo ilikuwa imepasuka. Ilikuwa siku ya arubaini na tatu.

"Bi Mwatima. Nimekuja kukwambia kitu."

"Sema, mie nnafunga mwani."

Akasema. Alianza na makasha, akaja kwenye Disemba, kikoi, pakiti moja moja, faksi, shashi. Mwatima hakusimama. Mikono iliendelea, fundo, fundo, fundo. Yalipofika maneno ya ofisini ndipo ikasita.

"Rudia hapo. Mzungu alisema nini? Maneno yake yeye."

Bi Rawiya akarudia.

"Na alivyotikisa kichwa?"

"Alikuwa anakuhurumia."

"Na wewe Kizungu unakijua."

"Nakijua."

"Ulisimama ukutani. Nakukumbuka. Nilisema moyoni, yule dada angalau ananionea imani." Akanyooka, mkono kiunoni. "Umesema na mwanao. Jina lake nani?"

"Hamed."

"Alilia?"

"Siku gani?"

"Siku ya wembe. Alilia?"

"Kidogo. Kabla. Kwa khofu."

"Alitoka damu?"

Bi Rawiya alitazama maji. "Hapana."

Mwatima akamwacha pale, akatembea mpaka penye mchanga mkavu walipoweka vitu vyao wenzake. Akafungua dumu la maji la jirani, akalinyanyua, akanywa. Alikunywa bila ya kupumua, maji yanamwagika kifuani, mchana kweupe, na wanawake waliokuwa wakimhesabia siku wakaacha kamba zao.

"Mwatima! Una nini? Utaanza upya!"

"Sianzi," akasema, anajifuta kidevu. "Haikuwa yangu."

Bi Rawiya alikuwa amemfuata. Mwatima akamwekea dumu mikononi, halafu kabla hajalishika vizuri akalichukua tena.

"Wewe usinywe. Wewe siku yako ya kwanza leo."

"Nitafunga," Bi Rawiya akasema. "Wallahi nitafunga."

"Utajua mwenyewe na Mola wako. Mimi kusamehe sikusamehe, usije ukatangaza nimekusamehe. Mie nnataka majina."

"Majina gani?"

"Ya hao watoto. Pakiti thelathini na nane. Baba zao nani, nyumba zao wapi, kikoi kilitembezwa na nani. Mie sijui kuandika, kwa hivyo utanitajia mpaka nishike."

"Bi Mwatima, utawafanya nini? Wale ni watu wazito. Watakufunga."

"Wa kwanza nani?"

Bi Rawiya akalitaja la mjukuu wa Katibu. Mwatima akatikisa kichwa.

"Anza na la kwako."

"Hamed," Bi Rawiya akasema. "Hamed bin Zahran, Malindi, nyuma ya msikiti. Kikoi nilikitembeza mimi mwenyewe."

Mwatima akalirudia, baba na mtaa, kama mtoto anayehifadhi. Kisha la pili. Kila wakifika la tano alirudi mwanzo, na akikosea hata mtaa mmoja alisema, "Anza tena." Maji yakaanza kujaa, wanawake wakajitwika magunia yao wakaenda zao, na wao wawili walikuwa bado kwenye la kumi na tisa.